Redio ya Msitu wa Itimbo

Jumatatu, 12 Januari 1976

Nimefika Itimbo saa tisa mchana nikiwa nimelowa mpaka soksi za akiba zilizokuwa ndani ya sanduku. Mimi ni mtu wa Tukuyu na mvua si mgeni wangu, lakini kwetu mvua hunyesha kutoka juu. Huku Mufindi inakuja kutoka pande zote, na ikichoka inageuka ukungu na kuingia nawe ndani.

Bi. Shamsha ameniagiza niandike kila siku: hali ya hewa, saa, na jambo lolote lisilo la kawaida. Bi. Shamsha ni mtaalamu wa ndege. Amezaliwa Iringa mjini, baba yake Mzee Premji anauza vitambaa, na yeye mwenyewe humtambua ndege kwa sauti kama mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe. Mimi ni Asukile Mwasomola, msaidizi wa misitu daraja la tatu. Nimepewa kazi hii kwa sababu siku ya kuchaguana wenzangu wote waliugua.

Jambo lenyewe ni hili. Kamati ya mkoa inataka kuufyeka msitu wa Itimbo na kupanda miti ya misindano kama ya shamba la Sao Hill. Bi. Shamsha amepinga. Kamati ikamwambia, haya, tuonyeshe humo mna nini cha kuhurumiwa: ndege wasiopungua aina arobaini, na sauti zao tuzisikie kwa masikio yetu, kabla ya kikao cha tarehe 30 Aprili. Wakipungua, misumeno inaingia Mei. Ni nani aliyeichagua hiyo arobaini sijui. Huenda alikuwa anafikiria matanga.

Jumanne, 13 Januari

Mvua.

Jumatano, 14 Januari

Leo nimeusimika mtambo. Umetengenezwa na Mansoor, mdogo wake Bi. Shamsha, fundi redio. Ni kinasa sauti cha kaseti, betri ya gari, maikrofoni iliyofungwa chini ya mwavuli mweusi, na saa ya mezani ya Kichina aliyoing'oa nyundo ya kengele. Saa yake ikifika, ule ufunguo wa nyuma unazunguka, unavuta uzi, uzi unavuta swichi, na kaseti inaanza kunasa. Inanasa nusu saa, upande mmoja ukiisha inasimama. Mchana naenda kuigeuza na kutia saa ufunguo, basi. Kaseti ni kumi tu, na Mansoor amesema nizitunze kama meno, maana Iringa nzima hakuna nyingine.

"Unajiendesha wenyewe, Asukile," aliniambia. "Hauhitaji mtu." Kwamba haujibebi hakuniambia. Kutoka kijijini hadi msituni ni nusu saa ya kupanda, na betri ya gari haina mahali pa kuishika.

Nilipokuwa nafunga mwavuli alitokea mzee mmoja mwenye kibuyu begani, Mzee Kihwele. Ni mgema, mianzi yake ya kugema pombe ya ulanzi iko bondeni chini ya msitu.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee."

"Huo mwavuli unamkinga nani?"

"Unakinga mtambo. Wa kunasa sauti."

"Sauti za nani?"

"Za ndege."

Alishusha kibuyu chini. "Mtu mzima, ametumwa na serikali, kusikiliza ndege. Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Tukuyu."

"Aa. Ndizi nyingi," akasema kwa huruma, kana kwamba nimemtajia ugonjwa. Akaenda zake akizungumza peke yake. Mzee huyu nimemchoka siku ya kwanza.

Jumatatu, 19 Januari

Kijiji kimekaa na kuamua kwamba mimi ni mtu wa redio.

Hoja yao naieleza kama nilivyoelezwa. Mwaka juzi gari la redio lilikuja kijiji cha jirani kunasa ngoma, na baada ya mwezi mmoja wale watu walisikika nchi nzima, mpaka wajomba wa Dar es Salaam wakaandika barua. Kinasa sauti kilikuwa kama hiki hiki. Isitoshe, nani atanunua betri ili asikilize ndege, ambao wanasikika bure? Nilimwendea Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Fanueli, nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza vizuri, akanisindikiza mpaka nje, akaniminya mkono.

"Nimeelewa, Ndugu Mwasomola," akasema. "Siri ya kazi."

Alhamisi, 22 Januari

Mvua. Nimeletewa mayai sita.

Jumamosi, 24 Januari

Nimeletewa jogoo. Nimejaribu kukataa kwa dakika nzima.

Jumatatu, 2 Februari

Amekuja Mwalimu Evarista. Anafundisha darasa la nne na anaongoza kwaya ya kigango. Ana namna ya kukutazama akisubiri jibu, unajikuta unasimama wima.

"Kwaya ifike saa ngapi?" akaniuliza.

Hapo ndipo pa kusema. Ningesema, Mwalimu, mtambo ule hauna uhusiano na redio, ni wa kuhesabu ndege, ndege wasipotimia msitu utafyekwa. Maneno hayo yote nilikuwa nayo mdomoni.

"Mtambo unaanza saa kumi na mbili kasorobo asubuhi," nikasema. Ni kweli tupu, hakuna neno la uongo hapo. Mara moja tu haidhuru.

Jumatatu, 9 Februari

Nimekuta majani yamekanyagwa kuuzunguka mwavuli kama uwanja wa mpira. Kuna benchi. Mtu amebeba benchi la mninga kutoka kijijini akalipandisha mpaka msituni, ili wanaosubiri zamu wasichoke. Nilifikiri nilitupe, kisha nikalikalia nikabadilisha kaseti.

Ijumaa, 13 Februari

Nimeteremka Mafinga na lori la mbao, nikampa kondakta wa basi kaseti tano za kwanza azifikishe kwa Bi. Shamsha. Sijui ndani kuna nini kwa sababu kuzisikiliza ni kumaliza betri. Najua kidogo.

Jumatano, 18 Februari

Mvua siku ya sita. Shati langu lina ukungu kwenye kola. Watu wanapita wakinisalimu, "Bwana Redio, kamwene." Naitika.

Ijumaa, 27 Februari

Barua ya Bi. Shamsha. Nainakili hapa kwa adhabu yangu mwenyewe.

"Ndugu Asukile. Nimesikiliza kaseti tano. Ndege: aina kumi na moja. Watu: hamsini na watatu. Kwaya moja, nyimbo nne, sauti ya pili iko chini kidogo. Mwenyekiti wa kijiji ametoa hotuba juu ya matuta ya viazi, dakika kumi na saba. Mtu mmoja, Kihwele, ameijaza kaseti ya nne pande zote mbili akisalimia, na nilipofika mwisho nilikuwa nawajua wajukuu wake kwa majina na mbuzi wake kwa tabia. Kila mmoja anamaliza kwa kusema 'redio endeleeni.' Asukile, kuna nini huko? Tuna miezi miwili. Nimebaki na kaseti moja yenye ndege wa maana. Nne nakurudishia, zifute, unase upya juu yake. Mansoor anakusalimu. Amecheka mpaka baba amefunga duka."

Lazima niseme kijijini. Nitasema kesho.

Jumamosi, 28 Februari

Mvua. Sikusema.

Jumapili, 29 Februari

Sikusema. Watu walikaa nje ya duka la ushirika kuanzia saa nane, mvua inawanyeshea, wakisubiri majina yao kwenye kipindi cha salamu. Redio ilisoma salamu za watu wa Tabora. Mwenyekiti akasema foleni ni ndefu, zamu yetu itafika. Wakaniangalia, nami nikaangalia viatu vyangu.

Jumanne, 2 Machi

Sikusema. Nimeletewa viazi.

Alhamisi, 4 Machi

Nimejaribu ujanja. Nimeirudisha kengele ya saa nyuma, mtambo uanze saa kumi na moja kasorobo, kabla hawajaamka.

Ijumaa, 5 Machi

Nimesikiliza kidogo. Saa kumi na moja kasorobo ndege nao wamelala. Nimenasa matone nusu saa. Kengele nimeirudisha mahali pake.

Jumanne, 9 Machi

Mzee Kihwele amefariki leo asubuhi. Ni kifua. Alikuwa ameacha kupanda msituni kwa wiki mbili, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahia ukimya.

Alhamisi, 11 Machi

Tumemzika jana, katikati ya mvua. Mwenyekiti alisema marehemu ameondoka lakini sauti yake iko redioni, siku moja taifa litamsikia. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeshika koleo, na nilitamani kuingia nalo humo humo.

Leo nilikwenda kumpa pole mjane, Bibi Apolonia. Ni mwanamke mdogo wa umbo, anapepeta mahindi huku anaongea na haangalii ungo. Alinikaribisha kiti, akanipa uji.

"Baba," akasema, "redio watamtoa lini mzee wangu?"

"Bibi," nikasema, nikakoroga uji.

"Nauliza tu. Nataka nijue niazime redio ya nani."

Uji ulikuwa mzuri na sikuumaliza. Nimerudi nyumbani nikiwa mdogo kuliko nilivyotoka. Jumapili nasema, hata kama watanipiga.

Jumapili, 14 Machi

Nimesema. Baada ya ibada nilipanda juu ya lile benchi la mninga, ambalo wenyewe walilirudisha kwa ajili ya mazishi, nikawaambia yote. Kwamba mtambo si wa redio. Kwamba niliujua ukweli na nilinyamaza kwa sababu ya mayai. Kwamba ndege wakipungua arobaini msitu utakatwa, na chemchemi ya Itimbo inatoka humo. Kwamba tumefika kumi na tisa na muda unakwisha.

Mwenyekiti alivua kofia.

"Kwa hiyo," Mwenyekiti Fanueli akauliza taratibu, "mimi nilimhutubia nani?"

"Ndege, Mwenyekiti."

"Matuta ya viazi?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na kicheko kikaenda kama moto wa nyasi, lakini hakikuwa kicheko cha kunisamehe. Kilipoisha kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alitaka jogoo wake. Mwingine alisema alimwambia binti yake wa Mbeya kupitia mtambo kwamba ng'ombe amezaa, na amekuwa akimlaumu kwa kutojibu. Mwalimu Evarista alinitazama tu, na mimi nikasimama wima.

Jumatano, 17 Machi

Hakuna anayenisalimu. Mwenye duka la ushirika ananiuzia chumvi huku anatazama dari. Msituni hakuna mtu, majani yameanza kuinuka. Mtambo unanasa ndege kwa raha zake.

Namkumbuka mzee Kihwele na ndizi zake.

Jumapili, 21 Machi

Bibi Apolonia amevunja mgomo. Alinijia mlangoni baada ya ibada, na nyuma yake kijiji kizima.

"Umesema sauti zetu zimo kwenye vile vidude," akasema. "Basi tusikie wenyewe. Redio haitaki, sisi tunataka."

Tukakaa kwenye ghala la ushirika, mvua inapiga bati. Niliacha kaseti ya nne kwa sababu msiba bado ni mbichi, na Bibi mwenyewe alitikisa kichwa nilipoigusa. Nyingine nilizipiga zote. Sijaona watu wakisikiliza hivyo. Kila sauti ilipotoka mwenyewe alifunika uso kwa kitenge au kofia, na wengine wakampigia makofi. Hotuba ya matuta ilirudiwa mara mbili kwa ombi la mhutubu. Kwaya ilipoimba, Mwalimu Evarista aliinamisha kichwa. Akasema sauti ya pili iko chini.

Ndipo nikawaambia kwamba lazima nizifute.

Hapo ndipo nilipoona hasira yenyewe. Kumbe kudanganywa ni jambo dogo. "Unanifuta mimi?" mzee mmoja aliniuliza, anajigusa kifua. "Niko hapa, sijafa, na wewe unanifuta?"

Ikaamuliwa kwa kura kwamba hakuna sauti itakayofutwa mpaka mwenyewe akubali kwa mdomo wake mbele ya shahidi.

Jumanne, 23 Machi

Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Leo watu wanne. Mmoja amekubali kwa sharti kwamba nimwandikie barua binti yake wa Mbeya kuhusu yule ng'ombe. Nimeandika. Ndama ni jike.

Ijumaa, 26 Machi

Watu kumi na wawili, barua saba. Nimekuwa posta.

Jumatatu, 29 Machi

Mwenyekiti amekubali hotuba yake ifutwe, ila kwanza ameitaka ipigwe kwenye mkutano ili ibaki vichwani. Tumeisikiliza tena, wote. Sasa na mimi naweza kulima viazi.

Alhamisi, 1 Aprili

Mwalimu Evarista ameruhusu kwaya ifutwe. "Tutaimba tena," akasema, "na sauti ya pili itakuwa juu." Kisha akaniuliza mtambo nimeuweka wapi. Nikamweleza. Akacheka, mara ya kwanza tangu Februari.

"Bwana Asukile, pale ni njia ya watu wa kuni. Ndege gani atakaa pale? Nani alikuchagulia?"

Nilichagua mwenyewe, kwa sababu palikuwa karibu. Sikumwambia.

Ijumaa, 2 Aprili

Wamekuja watu sita kuuhamisha mtambo. Betri amebeba mwanamke mmoja kichwani, mikono mitupu, anapanda huku anaongea. Mimi nyuma nimebeba mwavuli na kuhema. Wameuweka karibu na mkuyu uliozaa, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo sikuwahi kufika katika miezi mitatu ya kuulinda msitu huu. Juu kabisa walikuwapo kulukulu wawili, mabawa mekundu, wanalalamika kama watu waliocheleweshewa chakula. Mwenyekiti amepiga marufuku mtu yeyote kupita msituni kabla ya saa moja asubuhi, akohoe nyumbani kwake.

Miezi yote hii nilidhani watu hawa hawajui msitu. Walikuwa wananingoja niulize.

Jumamosi, 10 Aprili

Mvua kubwa. Barua: tumefika ishirini na saba.

Alhamisi, 15 Aprili

Tumehamisha tena, bondeni kwenye mianzi ya marehemu. Barua: thelathini na nne. Bi. Shamsha ameandika kwamba hondohondo wamesikika vizuri sana na kwamba amepiga kelele mpaka wapangaji wakaja kuuliza. Kila barua ikifika naisoma kwa sauti nje ya duka, na watu wanakaa kimya kama wanasikiliza mpira.

Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Nimelishwa katika nyumba tano. Sikunyimwa hata jogoo.

Jumatano, 21 Aprili

Thelathini na nane.

Bi. Shamsha anasema wawili waliobaki anaamini wapo. Tatizo ni kaseti. Tisa zimejaa ndege na kila moja ni ushahidi. Hawezi kufuta hata moja. Mansoor amezunguka Iringa yote, ameteremka mpaka Ipogolo kuwauliza madereva wa malori, hakuna. "Iko ile ya nne," ameandika Bi. Shamsha. "Sijakuambia uifute. Nakuambia tu kwamba iko."

Wakati naisoma nje ya duka nilikiruka kipande hicho.

Ijumaa, 23 Aprili

Mvua. Sikusema.

Jumamosi, 24 Aprili

Kaseti iko chini ya mto wangu. Kikao kimebaki siku sita. Nimepiga hesabu: kuna nyumba mia na kumi zinazochota chemchemi, na kuna mtu mmoja aliyekufa ambaye sauti yake haipo mahali pengine popote duniani. Hesabu imekataa.

Mwalimu Evarista alikuja kuuliza kwa nini mtambo umelala siku tatu. Nilimwonyesha barua yenyewe. Akaisoma mara mbili.

"Si kazi yako kuamua," akasema. "Ulishatuamulia mara moja, tuliona matokeo. Mpelekee mwenyewe."

Jumapili, 25 Aprili

Nilikwenda kwa Bibi Apolonia na mtambo begani. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Kwanza nimsikie," akasema.

Nikabonyeza. Sauti ya Mzee Kihwele ikatoka kana kwamba amesimama mlangoni na kibuyu chake. Aliwasalimia watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, na wajukuu, na mkwe wake wa Kalenga ambaye bado anadaiwa ng'ombe wa mahari na asijifanye amesahau. Bibi akacheka. Alimsalimia padri aliyemkataza kuleta ulanzi kwenye ubatizo. "Muongo," akasema Bibi, "ulanzi ulinywewa, na padri alikunywa." Alisalimia mbuzi. Halafu, upande wa pili, nikasikia: "Na wewe Mnyakyusa mwenye mwavuli, nakusalimu. Unatembea peke yako sana. Mtu asiye na wa kumsema huwa anaumwa. Siku moja pita bondeni, ulanzi upo, nitakufundisha majina ya ndege zako." Nilitazama nje. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Mtu huyu nilimkwepa njia miezi miwili.

Tukasikiliza mpaka mwisho kabisa, "redio endeleeni," na kaseti ikasimama. Bibi Apolonia alibaki ameshika ungo.

"Mimi hajanisalimia," akasema.

Nilipitisha akilini pande zote mbili na ni kweli. Mbuzi wamo, yeye hayumo.

Akatikisa kichwa taratibu. "Angenisalimiaje? Salamu za redio ni za watu walio mbali. Mimi asubuhi ile tuliamka pamoja, na uji nikampa kabla hajatoka." Akarudi kwenye mahindi yake. "Futa, baba. Mtu yule nimemsikia miaka arobaini na mbili. Maji nikikosa, nitayasikia wapi?"

"Bibi, ukishaifuta hairudi."

"Najua hairudi. Mimi si mtoto. Ila nitakuja mwenyewe kukaa pale, nihakikishe hamna mpumbavu atakayekohoa."

Jumatatu, 26 Aprili

Hakuna mvua. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilimkuta Bibi Apolonia ameshafika bondeni, amekaa juu ya gogo, kibuyu cha mumewe pembeni, blanketi mabegani. Nilikaa mbali kidogo. Uzi ukavutwa, kaseti ikaanza kuzunguka, na kwa nusu saa hakuna aliyetikisika. Kigogota aligonga. Ndege mmoja ambaye sijawahi kumsikia alipiga mluzi mrefu kutoka ndani ya mianzi, akanyamaza, akapiga tena. Bibi aliinua kidole bila kunitazama, kama kusema, huyo.

Jumanne, 27 Aprili

Upande wa pili. Bibi hakutaka nikae naye. Alisema nahema kwa nguvu. Nimemsubiri njiani hadi saa moja.

Jumatano, 28 Aprili

Mwalimu Evarista ameipeleka kaseti Iringa mwenyewe, mkononi, kwa basi la asubuhi. Alisema makondakta hawaaminiki. Alisema pia, wakati anapanda, kwamba nikipata uhamisho nimwambie kabla ya kuwaambia wenye mayai.

Ijumaa, 30 Aprili

Siku ya kikao. Sikula.

Jumamosi, 1 Mei

Hakuna habari. Watu wanapita mlangoni kwangu wakijifanya wanakwenda mahali.

Jumatano, 5 Mei

Barua. Niliifungua mbele ya duka la ushirika, kijiji kizima kipo, na ukungu nao upo.

"Ndugu Asukile. Arobaini na moja. Kamati imesikiliza kaseti kwa saa mbili na imeandika kwamba msitu wa Itimbo usiguswe. Mjumbe mmoja alisinzia kwenye hondohondo, lakini alinyoosha mkono kwa wakati. Waambie watu wa huko asante."

Sikuweza kuendelea kwa kelele. Mwenyekiti alipanda benchi akaanza hotuba, na nadhani ilikuwa ya matuta. Kipande kilichobaki nilikisoma peke yangu, kisha nikaenda nacho kwa Bibi Apolonia, nikamsomea polepole.

"Kuna jambo moja katika ile kaseti ya mwisho. Upande wa pili, karibu kabisa na kuisha, ndege wametulia, mwanamke anasafisha koo. Halafu anasema kwa sauti ndogo: 'Kihwele, uko mbali sasa. Mimi Apolonia nakusalimu. Huku hatujambo.' Kaseti inaishia hapo. Mwenyekiti wa kamati aliuliza ni nani huyo. Nifute?"

Bibi Apolonia alipepeta, akapuliza makapi, akapepeta tena.

"Si mimi," akasema. "Msitu ule una ndege wa kila namna."